Shingo Yangu na Jina la Moraa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya saratani, nimeenda kuangaliwa tu, na mama mmoja kutoka Sigor akakaa kando yangu. Alikuwa na uvimbe chini ya taya, ameufunika na leso. Hakuniuliza nilipewa dawa gani, wala kama nywele zangu zilirudi zenyewe. Aliniuliza, "Wewe, ni nani alikufanyia?"

Nilimjibu vibaya, haraka haraka, kwa sababu jina langu liliitwa. Nilipotoka alikuwa ameshaingia chumba kingine. Basi ninaandika jibu ambalo ningempa kama ningekuwa na nusu saa. Mimi nimesoma hadi darasa la nane, na daftari langu la kila siku limejaa makosa. Anayesoma akiona kosa aruke, aendelee. Ugonjwa wenyewe unatoka wapi sitaeleza, maana sijui. Nitaeleza yale niliyofanya, na mengine si mazuri.

Naitwa Rael. Mimi na wifi yangu Chebet, dada ya mume wangu, tulikuwa wapiganaji wa mieleka. Si ile ya mashuleni. Ni ile ya ulingo na mikanda, wawili kwa wawili: mmoja anapigana, mwenzake anangoja nje ya kamba, na haingii mpaka mmegusana mikono. Asubuhi tulichuma majani chai yetu na kuyapeleka kituoni. Alasiri tulifanya mazoezi kwenye stoo ya mahindi ya mzee mmoja karibu na Sotik, juu ya magunia ya vumbi la mbao. Promota wetu, bwana Kirui, alikuwa ameunda ulingo kwa mbao za mkaratusi na turubai la lori.

Watu husema ni mchezo wa uongo. Kwa haki nikubali: mshindi hupangwa. Wote wanne tunajua mapema nani ataondoka na mikanda. Lakini kuanguka hakupangiki. Anayekuinua juu ndiye anajua utashukaje. Kwa hivyo yule unayemtukana mbele ya watu ndiye huyo huyo umempa shingo yako aishike. Bila kuaminiana, kazi hii ni mauaji.

Wapinzani wetu walikuwa Moraa na Nyaboke, kutoka upande wa Kisii. Moraa alikuwa na meza ya ndizi na vitunguu soko la Sotik, na wateja wake wengi ni sisi Wakipsigis. Kirui alipenda hivyo: wawili wa huku, wawili wa kule, uwanja unajaa kutoka pande zote za mpaka. Mpaka wetu una mapigano yake ya zamani, kila mtu hapa anayajua na hakuna anayeyapenda. Tulikuwa tunacheza karibu na moto. Sitasema hatukujua.

Desemba tulipoteza mikanda. Ilipangwa. Moraa alinipiga kabali, mkono wake shingoni mwangu kutoka nyuma. Nikatapatapa, nikanyoosha mkono kumfikia Chebet kwenye kona, nikamkosa kwa kidole kimoja, nikapiga turubai kukubali kushindwa. Ilikuwa kabali safi, amebana kiasi kile tulichofanyia mazoezi. Sikumbuki maumivu. Nimejaribu sana kuyakumbuka.

Krismasi tulikuwa jikoni kwa mama mkwe. Nimeinama kupuliza moto, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "Mama Kiptoo, shingo yako iko na nini?"

Chebet akaja akabonyeza. Kulikuwa na uvimbe upande wa kushoto, juu ya mfupa, kama yai la kwale.

"Hapa ndipo Moraa alikushika," alisema. "Inauma?"

"Hapana."

"Wewe utasema inauma lini? Ukizikwa?"

Tukacheka wote watatu. Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana. Kabla chai haijachemka, boma lote lilikuwa linajua kwamba Moraa amenivunja kitu shingoni.

Waliita mama wa kukanda viungo. Alikuja mara tatu na samli yake. Mara ya tatu alifuta mikono akasema, "Mshipa uliopinda hukimbia ukiufuata na kidole. Hiki kimekaa. Mpelekeni hospitali." Watu huwalaumu hawa wakandaji, na wengine wanastahili, lakini huyu alikuwa wa kwanza kusema ukweli na hakuna aliyemsikiliza, nami nikiwa mmoja wao. Nilikuwa nimeanza kukonda, nalowesha shuka kwa jasho, najikuna miguu mpaka damu. Nilisema ni uchovu wa kuchuma.

Kirui alipoona shingo aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Usiitibu haraka," alisema, halafu akaona uso wangu. "Natania, mama. Lakini hii ni hadithi. Pambano la marudiano Mei, mnarudishiwa mikanda yenu. Watu watapanda miti." Mabango yakatoka na picha yangu nimeshika shingo, chini yameandikwa SHINGO KWA SHINGO. Nilijiona pale kwenye ukuta wa duka la dawa za ng'ombe na, niwe mkweli, nilifurahi kidogo.

Februari nilienda hospitali. Kama hujawahi kungoja, nikuambie: kinachochosha si njaa, ni kuangalia mlango. Kila ukifunguka unajitayarisha, halafu anaitwa mwingine. Benchi letu lilikuwa na ufa katikati unaobana nguo. Mzee mmoja alikuwa anamwonya kila anayekaa, "Si hapo, patakuuma," na alifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi mpaka akaitwa yeye. Alipoingia, mama mwingine aliichukua kazi ile bila kuambiwa.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Alinibonyeza shingo, kwapa, tumbo. Akauliza juu ya jasho, uzito, kujikuna.

"Uvimbe ulianza lini?"

"Desemba. Nilikabwa kwenye mieleka."

"Kabla ya hapo hukuona kitu?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Akaandika. Wakanikata kinyama kidogo, wakasema nirudi baada ya wiki tatu.

Lile swali la uhakika lilinifuata nyumbani. Nilifungua daftari langu nione kujikuna kulianza lini, ili nikirudi nijibu vizuri. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Mwezi wa Oktoba nilikuta mwandiko wangu mwenyewe: *Siku ya tatu baada ya mvua ya mawe. Majani yote yametobolewa hakuna kuchuma. Nimeoga mchana. Kuna kitu kama njugu kwa shingo kushoto hakiumi. Pengine ni baridi.*

Mvua ile ya mawe hakuna mtu wa huku asiyeikumbuka. Ilipiga chai mpaka vijiti, tukakaa wiki nyingi bila kuchuma. Na mimi sikuwa nimeingia ulingoni na Moraa tangu Agosti.

Nilisoma mara nne. Halafu nikaliweka daftari chini ya gunia la mahindi, nikaenda kukamua.

Majibu yalikuja Machi, mvua za masika zikianza. Mume wangu Kiprono aliomba ruhusa kiwandani akanisindikiza. Daktari alisema ni saratani ya tezi za limfu, aina ambayo mara nyingi hutibika. Dawa kumi na mbili za mshipani, kila baada ya wiki mbili.

Kiprono aliuliza, "Ni kwa sababu alinyongwa?"

"Hapana. Kupigwa hakuleti hii."

Nje, chini ya paa la mabati, mvua ikipiga, Kiprono alisema, "Huyu daktari hajui mieleka."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nitaeleza kwa nini nilinyamaza, na anayesoma ataamua kama ni sababu au ni kisingizio. Mimi mpaka leo sina hakika. Mama mkwe alikuwa amemwambia jirani, nami nikasikia, "Kama si yule Mkisii, basi ni kitu cha kwao." Cha kwetu. Baba yangu aligombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, na ndugu yake alikufa hawajapatana. Huku kwetu watu wanajua hiyo inaitwaje. Laana haiishii kwa mtu mmoja, inashuka kwa watoto. Nina msichana, Cherop, yuko darasa la sita. Niliwazia siku mtu atakapokataa kumwoa kwa sababu ya shingo yangu.

Kwa jina la Moraa, mimi nilikuwa mtu aliyeumizwa. Kina mama wa kanisa walikuja na maziwa, wakakaa, wakaomba. Bila jina lake, ningekuwa nini? Mgonjwa tu, bila mtu wa kulaumu, na watu wangeanza kutafuta ndani ya boma. Kwa hivyo nilimwacha Moraa abebe.

Dawa ya kwanza iliingia mkononi nyekundu kama juisi ya watoto. Sista aliusugua mkono wangu kwanza ndani ya viganja vyake mpaka mshipa ukatokea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mpaka leo nikisikia baridi mkononi namkumbuka. Siku tatu baadaye sikuweza kuvumilia harufu ya mursik, mimi niliyelelewa na maziwa ya kibuyu. Chai ikawa na ladha ya msumari. Ilibidi Kiprono avue nguo za kiwandani nje, maana harufu ya majani yaliyokaushwa ilinitapisha, na alizivua bila kulalamika, mvua ikinyesha.

Baada ya dawa ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Dawa ya tatu ilinikuta na vidonda mdomoni, nikawa naongea kwa kuandika. Lakini uvimbe ulikuwa unapungua. Niliupima kila asubuhi kwa kidole, na nikiupima nilimfikiria Moraa.

Moraa alikuwa ametuma kikapu cha ndizi kwa mama mmoja anayeleta bidhaa huku, na karatasi ndani. *Rael niambie kweli kama nilikubana sana. Silali.* Nilikaa na karatasi hiyo siku kumi na moja. Sikujibu. Ndizi tulikula.

Siku ya dawa ya nne, kwenye foleni, mama mmoja wa huku aliniambia kama anayeniletea zawadi: "Yule mwanamke wako tumemkomesha. Tumemwachia ndizi zake zioze mezani. Hakuna mtu wetu ananunua." Nikatikisa kichwa. Kichwa kinaweza kutikiswa bila kusema kitu.

Siku nne kabla ya pambano, Chebet alikuja kuninyoa nywele zilizobaki. Nafasi yangu alikuwa amepewa Chelimo, mchumaji mwenzetu, mwenye nguvu lakini mgeni. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, yeye nyuma yangu na wembe.

"Mnara uko kwa mpango," alisema. Mnara ni jina letu la kumwinua mtu kichwa chini, miguu juu kabisa, halafu mnaanguka pamoja kinyumenyume, naye anashuka kwa mgongo. Anayeinua ndiye anayeshikilia kiuno mpaka mwisho. "Moraa ndiye atainuliwa. Na mimi nitaachilia mapema kidogo. Kidogo tu. Refa ataona ni ajali."

"Chebet, hapana."

"Tulia, wembe utakukata."

"Atavunjika shingo."

"Na yako?" Alikuwa analia, nilisikia kwa pumzi. "Nilikuwa kwa ile kona, Mama Kiptoo. Mkono wako ulikuja mpaka hapa. Ningenyoosha zaidi ningekufikia. Nilikaa pale kwa sababu imepangwa. Wewe ukaharibiwa nikiangalia."

Hapo nilitakiwa kusema. Badala yake nilisema, "Maliza ya nyuma." Akamaliza.

Siku tatu zilizofuata nilisema nitamwambia kesho.

Jumamosi ilikuwa na ukungu asubuhi, kisha jua. Uwanja wa shule ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Watu wa huku walisimama upande wa miti, watu wa kule upande wa madarasa, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyeamuru iwepo. Vijana wa pande zote mbili walikuwa na fimbo. Za kuchungia, labda. Kirui aliniwekea kiti mbele ya ulingo na kitambaa cheupe cha kichwa. "Wewe kaa tu," alisema. "Uso wako utafanya kazi."

Nilikuwa nimekuja na daftari ndani ya mfuko. Nilikwenda darasa ambamo Chebet alikuwa anafunga viatu, nikamfungulia ukurasa. Alisoma akichezesha midomo. Chelimo alituangalia, akatoka bila kuambiwa.

"Ulijua," Chebet alisema.

"Tangu Februari."

"Na siku ile nakunyoa?"

"Nilijua."

Alifunga daftari polepole, akalipangusa kana kwamba limeanguka chini, akanirudishia.

"Utafanya nini na mnara?"

"Mnara uko kwa mpango. Toka, Rael."

Tangu niolewe hakuwahi kuniita Rael.

Darasa la pili, Moraa alikuwa anafunga bandeji mkononi, Nyaboke akimshikia upande mmoja. Alikuwa amekonda. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa sitamaliza. Nilimwambia juu ya Oktoba, ya mvua ya mawe, ya daktari, ya karatasi yake niliyoinyamazia. Nilimwambia alichopanga Chebet, na kwamba nimemwambia Chebet sasa hivi na sijui kama amebadilisha nia.

Nyaboke alifungua bandeji kwa hasira. "Hatuingii ulingoni. Twende nyumbani."

"Na tukikimbia watasema nini?" Moraa alimwuliza. "Si watasema ni kweli?" Halafu akanigeukia. "Mtoto wangu anarudi shuleni analia. Nimetupa ndizi mimi, mikungu mizima. Mume wangu ananiuliza, ulimfanya nini yule mama, nami najiuliza. Miezi mitano naangalia mkono wangu huu."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unajua kitu kingine." Akavuta bandeji kwa meno. "Sasa niko na kazi. Nenda."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kirui nikamwomba kipaza sauti. Alinipa akitabasamu. Nilipanda ulingoni, nikavua kitambaa. Nikasema ugonjwa wangu ulikuwepo kabla ya Moraa kunigusa, nina daftari, na mtu yeyote aliyemnyima biashara kwa ajili yangu amemkosea kwa sababu yangu.

Halafu mtu upande wa miti akapiga kelele, "Mama, unaigiza vizuri!" Uwanja wote ukacheka, ukapiga makofi. Kirui alinipokea kwenye ngazi, macho yanang'aa. "Hiyo ni kali sana. Ungeniambia tungepanga na muziki."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulikuwa tumewazoesha miaka mingi kwamba yanayosemwa pale juu ni ya pale juu.

Pambano lenyewe siwezi kulieleza lote. Nilikuwa naangalia mikono ya Chebet tu. Dakika za kwanza Chelimo na Nyaboke walifanya kazi nzuri, wakarushana kwenye kamba, watu wakasahau fimbo. Halafu Chelimo akamgusa Chebet, Nyaboke akamgusa Moraa, na wale wawili wakabaki peke yao. Upande wa miti ulianza kuimba, "Shingo, shingo, shingo."

Chebet alimwinua. Miguu ya Moraa ilikwenda juu, ikanyooka, kichwa chini mbele ya mapaja ya Chebet, nywele zikining'inia kuelekea turubai. Sijui alimshika vile muda gani. Kwenye mazoezi tunahesabu mbili. Nilihesabu saba, kisha nikapoteza hesabu. Anayeinuliwa akiogopa anaweza kujikunja kiunoni na kujitoa, sote tumefundishwa. Moraa hakujikunja. Alikunja mikono kifuani na kukaza mwili, kama tunavyofanya na mtu tunayemwamini. Mikono ya Chebet ilikuwa inatetemeka mpaka begani. Uwanja ulikuwa unapiga kelele amwangushe, na mimi sauti yangu ilikuwa imekwisha kwa dawa, hata ningeita asingesikia.

Wakaanguka. Mbao zililia. Chebet aliangukia bega lake mwenyewe, vibaya, na Moraa akaja juu yake kwa mgongo, mzima mzima. Chebet akajigeuza akamlalia. Refa akahesabu tatu. Moraa hakusogea.

Ilipangwa asisogee. Lakini kazi yetu ni kufanya watu wasijue, na siku hiyo mimi pia sikujua. Walimpa Chebet mkanda, muziki ukawaka, upande wa miti ukaruka, na yule mwanamke alikuwa amelala tu. Nilishika kamba ya chini. Niliona kifua chake hakipandi. Niliomba kwa Kipsigis, kwa Kiswahili, kwa maneno ya hovyo.

Kisha Moraa akakuna pua. Akajivingirisha hadi ukingoni, akashuka chini, akavuta fulana yake ikafunika tumbo, akaenda zake darasani na Nyaboke.

Chebet alinipita, mkanda begani. Hakusimama.

Hakuzungumza nami dawa ya tano, ya sita, wala ya saba. Nilimkosoa moyoni mwanzoni, nikiwaza, mimi ndiye mgonjwa. Baadaye nikaona alikuwa na haki. Nilimwacha abebe wembe wa kunyoa na nia ya kuua kwa siku moja, na mimi ningeweza kumtua mzigo mmoja. Nilimwambia Kiprono pia. Alikaa nje hadi maziwa yakachacha kwenye ndoo, akarudi, akauliza tu kama nimekula. Mambo ya laana yalisemwa, kama nilivyoogopa. Wanawake wawili wa kanisa waliacha kuja. Watano waliendelea. Nimewaandika wote saba kwenye daftari, bila maelezo.

Kuhusu Moraa, nilichosema ulingoni hakikumsaidia kitu. Kwa hivyo kila wiki ile nzuri, ya katikati ya dawa na dawa, siku ya soko nilikwenda nikakaa kando ya meza yake kwenye kreti, kichwa wazi. Siku ya kwanza hakunisalimu. Hakunifukuza pia. Ilikuwa Juni, baridi, na sina nywele.

Watu walikuwa wanasimama mbali. Mzee mmoja alisogea. "Si wewe ndiye huyu alikuvunja?"

"Hapana mzee. Nilikuwa mgonjwa kabla."

"Kabla ya lini?"

"Unakumbuka mvua ya mawe?"

"Nitaisahauje? Sikuchuma hata kilo moja mpaka Desemba."

"Basi siku ya tatu baada ya hiyo nilikuwa nayo shingoni. Pambano lilikuja baadaye sana."

Alifikiri. Nilimwona akihesabu miezi kwa chai yake mwenyewe. "Basi huyu mama hakukufanya kitu," alisema, na akachagua vitunguu. Haikuwa sura yangu iliyomshawishi, wala daftari. Nilirudia hayo Juni yote na Julai, mtu kwa mtu, mpaka Moraa mwenyewe akawa ananikatiza: "Mwambie ya mawe, huyu ana haraka."

Dawa ya nane, nilikuwa kwenye benchi, karibu na ule ufa. Mtu akakaa. Chebet. Bega lake bado lilikuwa limefungwa. Tulikaa mpaka majina kumi yakaitwa.

"Ungeniacha nimuue," alisema.

"Ndiyo. Karibu."

"Usinifanyie hivyo tena."

"Sitakufanyia."

Akafungua chupa ya uji, akaonja kama una joto, akanipa.

Yule mama wa Sigor, na wewe mwingine uliye na bahasha ya majibu usiyotaka kufungua, nakuambia hivi. Utaulizwa ni nani. Hata wewe utajiuliza, na jina litakuja haraka, na litakupa joto. Mimi lilinipa joto miezi mitano. Lakini kuna mtu ndani ya jina hilo, ana meza sokoni na mtoto shuleni. Ukiulizwa ni nani, sema sijui, ni ugonjwa. Ni jibu baridi. Utazoea.

Dawa ya kumi na mbili niliimaliza mahindi yakikomaa. Wiki chache baadaye skani ikaonyesha shingo iko safi. Siku ya soko nilikwenda kumwambia Moraa. Meza yake ilikuwa na watu watatu wanangoja, wawili wa kwetu.

"Wamesemaje?" aliuliza, akipima vitunguu.

"Haionekani. Watanipima tena baada ya miezi mitatu."

"Kongoi kwa Mungu," alisema, akishukuru kwa lugha yetu. Halafu kwa Kiswahili, "Basi usije kukaa hapa tena."

Sikuelewa. "Unanifukuza?"

"Kreti nataka niweke nyanya. Nimeongeza nyanya." Alimpa mteja vitunguu vyake, akafuta mikono kwenye aproni, akaniangalia muda mrefu, shingoni, si usoni. "Mimi sijamaliza na wewe, Rael. Bado nakasirika nikiamka. Lakini ukitaka kitu, njoo kama mtu wa kununua, upange foleni."

Nilisimama nyuma ya wale watatu. Ilipofika zamu yangu nikaomba mkono mmoja wa ndizi, chane nzima. Alinichagulia zilizoiva sawa, akageuza mkono huo akautazama chini kama una doa, akaurudisha, akanipa mwingine.